Kwa Nini Wamarekani Hawaulizani Walimpigia Nani Kura

Marekani ni nchi ambayo kampeni za urais huanza karibu miaka miwili kabla ya siku ya kupiga kura. Runinga zake huzungumza siasa usiku na mchana, na Katiba yake, kupitia Marekebisho ya Kwanza yaliyopitishwa mwaka 1791, inaikataza serikali kumziba mtu mdomo. Anayeitazama kutoka Tanga, Mombasa au Bujumbura atadhani Wamarekani hushinda wakibishana siasa kutwa. Sisi tunaoishi nao tunaona jambo jingine kabisa. Kwenye meza ya chakula, kazini, kwenye foleni ya dukani, siasa haitajwi. Watu wawili wanaweza kufanya kazi pamoja miaka kumi, kila mmoja akamjua mbwa wa mwenzake kwa jina na dawa anazotumia mama yake, lakini asijue mwenzake ni wa chama gani.

Mimi ni muuguzi msaidizi katika makao ya wazee kwenye kitongoji kimoja cha Minneapolis, jimbo la Minnesota, linalopakana na Kanada. Nilizaliwa Tanga, Ngamiani, katika nyumba ambayo baba alipokea wageni wake barazani na mama alipokea wa kwake uani, na pande zote mbili siasa ilijadiliwa. Kila msimu wa uchaguzi wa Marekani ndugu zangu hunipigia simu na kuuliza swali lile lile: “Dada, wenzako huko wanasemaje?” Jibu fupi ni kwamba hawasemi kitu. Jibu hilo haliwatoshi, wala mimi halinitoshi, na ndiyo sababu nimeandika makala haya.

Chumba cha mapumziko

Saa sita mchana wauguzi, wapishi na wafanya usafi hukutana kwenye chumba cha mapumziko, kila mmoja na chakula chake alichotoka nacho nyumbani. Mazungumzo huanza na hali ya hewa, na Minnesota hali ya hewa ni habari nzito, maana Januari baridi huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Kisha huja timu ya Vikings ya mpira wa Kimarekani, uvuvi wa samaki kwenye maziwa yaliyoganda, mashindano ya watoto ya mpira wa magongo juu ya barafu, na bei ya mayai. Bei ya mayai hulalamikiwa na wote. Hakuna anayesema ni nani aliyeisababisha. Mazungumzo hufika hapo, watu wakainamia sahani zao, na mtu mwingine akaanzisha habari ya theluji.

Asubuhi ya Novemba 6, 2024, siku moja baada ya uchaguzi uliomrudisha Donald Trump madarakani, niliingia zamu ya saa moja. Baadhi ya wenzangu walikuwa na macho mekundu, wengine walitembea kwa hatua nyepesi. Tulikabidhiana taarifa za wazee wetu: nani hakulala, nani amekataa dawa, nani anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Kuhusu matokeo hakuna aliyetamka neno. Sebuleni, wazee wanakokaa pamoja, runinga ilikuwa kwenye kipindi cha mapishi, kwa sababu uongozi ulikwishaamua kwamba stesheni za habari zinatazamwa chumbani kwa mtu, mlango ukiwa umefungwa.

Jioni hiyo, kwenye maegesho ya magari, tulisimama Wakenya na Watanzania tukayachambua matokeo yale kwa Kiswahili, mmoja akipinga, mwingine akishangilia, wa tatu akitukumbusha ya Nairobi na Dodoma, hadi baridi ikatufukuza. Mmarekani mwenzetu wa zamu alipopita kuelekea kwenye gari lake, sauti zetu zilishuka zenyewe. Tumekwishashika adabu ya wenyeji.

Mzizi wa adabu hiyo nilielezwa na mzee mmoja niliyemhudumia, mkulima mstaafu wa mahindi na soya kutoka kusini mwa jimbo. Baba yake alimfundisha kwamba jirani haulizwi mambo matatu: mshahara wake, imani yake na kura yake. Mashamba yalikuwa mbalimbali, na theluji ikifunga barabara, jirani huyo huyo ndiye atakayekuja na trekta kukutoa mtaroni. Hukumchagua, na huna mwingine. Ukimya ulilinda msaada ambao maisha yenyewe yaliutegemea. Tangu aniambie hayo nimeacha kuwasikiliza wale wanaosema Wamarekani ni wanafiki. Wazee wao walipiga hesabu, wakaona jirani ana thamani kuliko ushindi wa mabishano.

Zamani walipiga kelele

Hata hivyo, watu hawa hawakuwa wakimya tangu mwanzo. Mfaransa Alexis de Tocqueville, aliyeizunguka nchi hiyo mwaka 1831 na 1832, aliandika kwamba kushiriki katika mambo ya utawala na kuyazungumza ndiyo starehe kubwa ya Mmarekani, karibu starehe pekee anayoijua. Mwaka 1858 Abraham Lincoln na Stephen Douglas, waliogombea kiti cha Seneti cha Illinois, walifanya midahalo saba katika miji saba. Kila mdahalo ulichukua saa tatu, na maelfu ya watu walisimama kusikiliza. Nyakati za kampeni vijana waliandamana usiku na mienge. Siku ya uchaguzi, vyama vyenyewe ndivyo vilivyochapa karatasi za kura, mara nyingi kwa rangi zao, na mpiga kura aliipeleka yake hadi kwenye sanduku mbele ya macho ya mtaa mzima. Mwaka 1876 takriban asilimia 82 ya wenye haki ya kupiga kura walijitokeza.

Kelele zile zilikuwa na madhara yake. Kura zilinunuliwa waziwazi, kwa kuwa mnunuzi aliweza kuhakikisha kwa macho yake kwamba amepata alicholipia, na mwajiri alijua mfanyakazi wake amemchagua nani. Ndipo wanamageuzi wakaleta kura ya siri, utaratibu waliouiga kutoka Australia. Massachusetts ilipitisha sheria yake mwaka 1888, na ndani ya miaka michache majimbo mengi yakafuata. Michael Schudson, katika kitabu chake The Good Citizen cha mwaka 1998, anaonyesha jinsi mageuzi hayo yalivyobadilisha sura ya raia mwema. Zamani raia mwema alikuwa mtu wa chama na maandamano. Baadaye akawa mtu anayesoma peke yake, akaamua peke yake, akaingia peke yake nyuma ya pazia. Mwaka 1924 waliojitokeza kupiga kura hawakufika nusu. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo sheria za majimbo ya kusini zilizowazuia Weusi kupiga kura, lakini shamrashamra za mitaani nazo zilikuwa zimezimika.

Kisha ikaja hofu ya ukomunisti. Mwaka 1947 Rais Harry Truman alianzisha ukaguzi wa uaminifu kwa watumishi wa serikali ya shirikisho. Februari 1950 Seneta Joseph McCarthy alisimama mjini Wheeling, West Virginia, akadai anayo orodha ya wakomunisti walio ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje. Walimu, waandishi wa filamu na makarani walipoteza kazi kwa sababu ya mkutano waliowahi kuhudhuria au rafiki waliyewahi kuwa naye. Mwaka 1954 mtafiti Samuel Stouffer aliwauliza Wamarekani kama wako huru kusema mawazo yao kama zamani, na asilimia 13 wakajibu kwamba uhuru huo umepungua. Wanazuoni James Gibson na Joseph Sutherland wamefuatilia swali hilo hadi miaka ya karibuni. Mwaka 2019 waliojibu hivyo walifika asilimia 40.

Takwimu hiyo hunisumbua kila ninapoifikiria. McCarthy alikwishakufa zamani, hakuna kamati ya Bunge inayomhoji mpishi wetu wala mfanya usafi wetu, lakini wanaojiona wamebanwa ni mara tatu ya wale wa wakati wake.

Riziki iko mkononi mwa bosi

Sababu moja iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuajiriwa huku. Marekebisho ya Kwanza humlinda mtu dhidi ya serikali. Hayamlindi dhidi ya bosi wake. Katika majimbo yote isipokuwa Montana, mwajiri binafsi anaweza kumwachisha mfanyakazi bila kutoa sababu, mradi asivunje mkataba au sheria maalumu kama zile za kupinga ubaguzi. California na majimbo mengine kadhaa yanalinda shughuli za kisiasa za mfanyakazi. Mengine hayana kinga hiyo. Na kwa kuwa takriban nusu ya Wamarekani hupata bima ya afya kupitia kazi, anayepoteza kazi hupoteza na daktari wa mtoto wake.

Oktoba 2017, huko Virginia, Juli Briskman alikuwa kwenye baiskeli msafara wa Rais Trump ulipompita, akauonyesha kidole cha kati. Picha ilisambaa duniani, na kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ikamwachisha. Miaka miwili baadaye aligombea kiti cha baraza la kaunti ya Loudoun akashinda. Lakini wafanyakazi walioisoma habari ile walikumbuka sehemu ya kwanza kuliko ya pili.

Yako na mengine ya kumfanya mtu achunge mdomo. Ukimchangia mgombea wa ngazi ya shirikisho zaidi ya dola 200, jina lako, kazi yako na mwajiri wako huingia kwenye kumbukumbu za wazi za Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, na mwenye intaneti yeyote anaweza kukutafuta humo. Watumishi wa serikali ya shirikisho wanabanwa na Sheria ya Hatch ya mwaka 1939, inayowakataza kufanya kampeni wakiwa kazini. Hapa Minnesota, kwa miaka mingi sheria ilikataza fulana, kofia au beji ya kisiasa ndani ya kituo cha kupigia kura, hadi Mahakama ya Juu ilipoitengua mwaka 2018 kwa kuwa haikueleza wazi kipi ni cha kisiasa na kipi sicho. Mtu aliyelelewa katika mazingira hayo huona kutaja chama mbele ya watu kuwa utovu wa adabu, hata pale ambapo hakuna sheria inayomkataza.

Meza ya Sikukuu ya Shukrani

Kwa sheria ya mwaka 1845, uchaguzi wa rais hufanyika Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo familia nyingi hula bata mzinga pamoja, huangukia Alhamisi ya nne ya mwezi huo huo. Kwa hiyo ndugu waliopiga kura tofauti hukutanishwa kwenye meza moja wakati kidonda kingali kibichi.

Watafiti Keith Chen na Ryne Rohla walichunguza jambo hili kwa kutumia kumbukumbu za mahali zilipokuwa simu za mkononi zaidi ya milioni 10 mwaka 2016. Walilinganisha wageni na wenyeji waliotoka katika maeneo yaliyopiga kura namna moja na wale waliotoka katika maeneo yaliyopingana. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, yalionyesha kwamba watu kutoka maeneo yaliyopingana walikaa mezani dakika 30 hadi 50 pungufu. Watu walikwenda kula na ndugu zao, kisha wakaaga mapema.

Niliwahi kualikwa kwenye meza kama hiyo na mfanyakazi mwenzangu. Kabla hatujaketi alituita jikoni, mmoja mmoja, akatuomba tusiguse habari za uchaguzi. Alikuwa amempoteza mama yake mwaka ule, na alitaka kaka yake na mkwe wake wamalize siku pamoja. Aliwakalisha ncha mbili za meza, akaweka watoto katikati. Tulikula, tukamkumbuka marehemu, tukatazama mpira. Baadaye, tukiosha vyombo, maji yakiwa yanatiririka, alinieleza kwa sauti ya chini anachokiogopa kuhusu nchi yake, na alikieleza vizuri kuliko wachambuzi wengi wa runingani. Nilimuuliza kama kaka yake anayajua mawazo hayo. Akasema hawajawahi kuyazungumza.

Ndani ya nyumba hofu hii ni mpya kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1960 ni takriban watu 5 tu katika kila 100 waliosema wangechukizwa mtoto wao akioa au kuolewa na mtu wa chama kingine. Mwaka 2010, kati ya wafuasi wa vyama viwili vikuu, walikuwa karibu nusu ya Warepublikan na theluthi ya Wademokrat. Mwishoni mwa 2019 kituo cha utafiti cha Pew kiliuliza watu wazima kama wamewahi kuacha kuzungumza siasa na mtu fulani kwa sababu ya jambo alilolisema, na asilimia 45 wakajibu ndiyo. Chama kimekuwa ukoo. Zamani kumpinga mtu kulimaanisha kupinga hoja yake kuhusu kodi. Sasa anasikia umempinga yeye, mama yake na kanisa lake.

Wasioweza kunyamaza

Sitakuwa nimewaeleza Wamarekani wote nikiishia hapo. Mei 25, 2020, polisi wa Minneapolis alimwua George Floyd kwenye makutano ya barabara ya 38 na Chicago, mwendo mfupi kwa gari kutoka kazini kwetu. Siku zilizofuata mji uliwaka, helikopta zililia usiku kucha, sisi tukavaa barakoa za korona tukaendelea kuwalisha wazee. Chumba cha mapumziko kilikuwa kimya. Wenzangu weupe wengi, watu wema ninaowapenda, hawakujua waseme nini, wakaona heri wasiseme lolote.

Baadaye nilipokwenda saluni kusukwa nywele, hapakuwa na aliyenyamaza. Kila kiti kilikuwa na hoja: polisi, meya, mahakama, mishahara, kama kura inasaidia au haisaidii. Mama mmoja mtu mzima, Mmarekani Mweusi, alikuwa akiwataja madiwani wa mji kwa majina na namna kila mmoja alivyopiga kura kuhusu bajeti ya polisi. Mwanazuoni Melissa Harris-Perry, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kiitwacho Barbershops, Bibles, and BET, alieleza jinsi vibanda vya vinyozi na makanisa ya Weusi yalivyo mahali ambapo watu wa kawaida hujenga mawazo yao ya kisiasa kwa kuzungumza. Niliyoyasikia saluni yalikuwa hayo hayo.

Kwao siasa haikuwahi kuwa mgeni wa kuachwa nje ya mlango. Iliingia bila hodi: mtoto atasoma shule gani, familia itauziwa nyumba mtaa gani, polisi atamsimamisha vipi kijana barabarani. Anayeweza kukaa mwaka mzima bila kuitaja siasa, mara nyingi ni yule ambaye siasa haijamgonga mlangoni.

Gharama ya kunyamaza

Isidhaniwe kwamba asiyezungumza siasa haijali. Minnesota ni jimbo la watu wapole wasiopenda kugombana, na mwaka 2020 karibu asilimia 80 ya wenye haki ya kupiga kura humu walipiga, kiwango cha juu kuliko jimbo lolote. Wanajali sana, ila wanajali kimya kimya.

Mwanasosholojia Nina Eliasoph alikaa muda mrefu na vikundi vya kawaida vya Wamarekani: wazazi wa kujitolea shuleni, watu wa klabu ya dansi, wanaharakati wa mtaani. Kitabu chake, Avoiding Politics, kilitoka mwaka 1998. Aligundua kwamba pembeni, wawili wawili, watu walizungumza kwa upana na uchungu kuhusu nchi na dunia. Wakisimama mbele ya kikundi, walijipunguza. Walidai wanashughulikia jambo lililo karibu nao tu, la watoto wao tu, hata pale ambapo jambo lenyewe lilikuwa la nchi nzima. Nilipokisoma nilimkumbuka mwenyeji wangu na sinki lake la vyombo. Mawazo mazuri kabisa ya raia huyu yalisikika jikoni na kuishia jikoni.

Madhara yake ni haya. Wapole wakinyamaza, uwanja unabaki kwa wenye sauti kubwa na hasira nyingi, na kila upande unamjua mwenzake kupitia hao tu. Jirani yangu mwenye kibao cha kampeni ya Warepublikan mbele ya nyumba yake hamjui Mdemokrat kwa kumsikiliza mwenye nyumba ya pili. Anamjua kwa kumtazama wa kwenye runinga, aliyechaguliwa kwa sababu anaudhi. Katherine Cramer wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitembelea kwa miaka kadhaa, kuanzia 2007, vikundi vya watu waliozoea kunywa kahawa pamoja kwenye mikahawa na vituo vya mafuta vya jimbo lake. Huko siasa ilizungumzwa sana, lakini na watu wanaofanana. Wa vijijini waliamini watu wa mjini wanawadharau na kula kodi yao, na kwenye meza ile hapakuwa na mtu wa mjini wa kujibu. Hii ndiyo sura kamili ya ukimya wa Kimarekani: siasa husemwa mbele ya wanaokubaliana, na hufungwa pale anapoingia asiyekubaliana.

Kubishana kunafundishika

Sisi wa Pwani hatuna haki ya kuwacheka. Tunazo baraza, tunayo kahawa chungu na kashata, na Jaws Corner ya Mji Mkongwe Unguja imesifika kwa mijadala yake ya siasa. Lakini baada ya uchaguzi wa 1995 visiwa hivyo hivyo vya Zanzibar viliona watu wakisusiana maduka, misikiti na hata mazishi kwa sababu ya chama. Ilichukua hadi maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010 kupoza hali hiyo kwa muda. Kusema sana peke yake hakutoshi. Kinachohitajika ni utaratibu wa kusema, na watu wa kuusimamia.

Wamarekani wenyewe wanajua hivyo. Mwaka 1943 mchoraji Norman Rockwell aliwapa picha mbili za mfululizo mmoja ambazo wanazipenda hadi leo. Moja ni familia mezani na bata mzinga wake. Nyingine ni mwanamume aliyevaa nguo za kazi, amesimama katikati ya mkutano wa mji, wenye tai na suti wamemwinulia nyuso kumsikiliza. Picha hiyo ya pili ilitokana na mkutano halisi wa Arlington, Vermont, ambapo mtu mmoja alipinga walichotaka wengi na wenzake wakamsikiliza. Taifa hili lilikuwa na mahali pa kula na mahali pa kubishana. La kusikitisha ni kwamba mahali pa kubishana pamebaki na watu wachache.

Desemba 2016, mara baada ya uchaguzi uliowagawa vibaya, Wamarekani wachache waliomchagua Trump na wachache waliomchagua Hillary Clinton walikutana South Lebanon, Ohio, wakakaa pamoja mwishoni mwa juma. Mkutano wao ulizaa jumuiya inayoitwa sasa Braver Angels. Aliyebuni utaratibu wao ni Bill Doherty, wakati huo profesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambaye kazi yake ilikuwa kusuluhisha wanandoa na familia. Pande mbili huwa na idadi sawa ya watu. Kila upande hutaja mambo mabaya unayosingiziwa, kisha unakiri kama kuna chembe ya ukweli ndani yake. Halafu upande mmoja huketi katikati ukazungumza wenyewe kwa wenyewe, na wa pili hukaa pembeni ukisikiliza bila kutia neno. Maswali huruhusiwa yakiwa ya kutaka kuelewa, na mitego hairuhusiwi. Hakuna anayejaribu kumbadilisha mwenzake. Mtu aliyezoea kuwasuluhisha mume na mke alijua kwamba anayesikilizwa kwanza ndiye anayeweza kusikiliza baadaye.

Minnesota ina mahali pengine pa namna hiyo. Katika miaka ya uchaguzi vyama huitisha mikutano ya mitaa, mara nyingi kwenye madarasa ya shule. Nilipopata uraia nilikwenda kwenye mmoja wao. Tulikalia viti vya watoto, na mwalimu, fundi bomba na mwanafunzi walisoma maazimio waliyoyaandika wenyewe, yakapingwa, yakarekebishwa, yakapigiwa kura. Waliopingana vikali walisaidiana kurudisha viti. Lakini viti vingi vilikuwa vitupu tangu mwanzo, na darasa lile lingejaa kama wote wanaonong'ona majikoni wangekuja.

Msimamo wangu ni huu. Ukimya wa Wamarekani ulianza kama heshima kwa jirani, na kwa kiasi hicho unastahili kuheshimiwa. Sasa umepita mpaka, unawanyima majirani nafasi ya kujuana, na nchi haiwezi kutawaliwa vizuri na watu wanaoogopana.

Kwa wewe unayejiandaa kuja huku kusoma au kufanya kazi, nakuomba usianze kwa kumuuliza mtu alimpigia nani kura. Muulize alikulia wapi, wazazi wake walifanya kazi gani, na mji wake umebadilika vipi. Atakueleza siasa yake yote bila kutaja chama, na wewe utamwelewa. Nanyi mlio nyumbani, mkikutana barazani au uani, wafundisheni watoto kwamba mtu anaweza kupinga hoja yako leo na kesho akaja kukusaidia kwenye msiba. Somo hilo tunalihitaji sote, huku na huko, na anayeweza kulifundisha ni mtu mzima aliye tayari kusikiliza kwanza.